Mama Chini ya Pikapu

Mwezi uliopita vijana wanaonunua vyuma chakavu walipanda hadi kwetu Uru kuichukua pikapu ya baba. Ilikuwa imekaa nyuma ya banda la ng'ombe kwa miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva na mimea ya maboga ikitambaa juu ya boneti. Walipoinyanyua mbele kwa mnyororo, kitu kilichokuwa kimeganda chini ya injini kikaachia, na tone moja zito, jeusi, likaanguka kwenye majani makavu ya migomba.

Nilikuwa nimesimama pembeni, nimejifunika khanga mabegani kwa ajili ya baridi. Harufu ikanifikia. Wanaoijua oili iliyokwisha kufanya kazi watanielewa: ni harufu ya chuma na moshi, na ndani yake kuna utamu kidogo, kama kitu kilichoungulia jikoni mtu akasahau kukiepua. Macho yakanijaa machozi. Kijana mmoja akadhani nalilia gari.

"Pole, dada," akasema. "Vyuma navyo huchoka."

Nikamwambia asante. Ningemweleza nini, na yeye alikuwa na haraka ya kuteremka kabla mvua haijaharibu barabara?

Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Baba alibebea ndizi na maziwa ya majirani kuyapeleka mjini Moshi, na akirudi alipakia pumba, mifuko ya saruji, na wakati mwingine bibi mmoja au wawili waliochoka kutembea. Hakumruhusu fundi yeyote kuigusa. Alisema gari ni kama ng'ombe wa maziwa, ukimwachia kila mtu akukamulie, siku moja atakataa kutoa. Kwa hiyo oili aliibadilisha mwenyewe, hapo uani, Jumamosi asubuhi, na mimi nikiwa naye.

Nilikuwa msichana mdogo wa shule ya msingi, mtoto wake wa pekee. Kazi ile niliipenda kuliko Krismasi. Kwanza baba aliiwasha injini, akaiacha ingurume kidogo ili oili ipate moto na iwe nyepesi. Kisha aliipandisha pikapu magurudumu ya mbele kwenye magogo mawili ya mgrevilea, akaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, akatandika gunia na kujilaza chali chini yake. Mimi nilikuwa nasukuma karai. Nati ya chini ilipolegea, oili ilitoka kwa kishindo kidogo, ikafuka mvuke kwenye ile baridi ya asubuhi, halafu ikawa uzi mwembamba, halafu matone. Majirani walikuwa wanaijua siku hiyo. Walikuja na makopo kuomba ile chafu wakapake nguzo za mabanda yao, mchwa wasizile.

Na baba alikuwa ananifundisha. Ndivyo nilivyoamini.

"Aika, hii oili ina rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi kama nini?"

"Kama kitako cha sufuria ya mtori."

"Na hii mpya?"

"Kama asali."

Akimaliza kumimina mpya, alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena na kukileta mbele ya uso wangu. "Niambie imefika wapi." Nikamwambia iko kati ya alama mbili, au imegusa ya juu. Hakukitazama hata kidogo. Mimi nilivimba kwa fahari, maana sikumjua mtoto mwingine aliyeaminiwa namna ile na baba yake. Mikono yake ilikuwa na makovu mengi ya kuungua, mapya juu ya ya zamani, na nilidhani ndivyo mikono ya mtu anayejua magari inavyotakiwa kuwa.

Siku ambazo hakuna shule alinichukua mjini. Huko njiani mchezo uliendelea.

"Mbele kuna nini, dereva wangu?"

"Kuna mama amebeba majani ya ng'ombe, upande wa kushoto."

"Yuko mbali?"

"Kama kutoka mlangoni hadi kwenye banda."

Baba akapunguza mwendo. "Na sasa?"

"Tumempita."

Wakati wa ukungu aliuliza mara nyingi zaidi, na mimi nilijibu haraka haraka, nimesimama na mikono yangu yote miwili kwenye dashibodi. Kila alichofanya kilifuata neno langu. Nikisema shimo, tunazunguka. Nikisema mbuzi, tunasimama. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mimi najua kuendesha gari kwa mdomo.

Kulikuwa na mambo mengine, lakini mtoto huyaona mambo bila kuyaunganisha. Baba aliacha kusalimia watu njiani mpaka wao waanze. Mama alirudi kutoka kanisani siku moja akasema wenzake wa jumuiya wanalalamika kwamba mumewe siku hizi ana maringo. Baba akacheka, akasema barabara mbovu haimpi mtu nafasi ya kupunga mkono. Aliacha pia kutoka na gari jioni. Na chai aliikoroga kwa muda mrefu, akishika ukingo wa kikombe kwa kidole kabla hajaweka sukari. Nami nikaanza kushika kikombe changu hivyo hivyo.

Basi ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ile miezi ambayo jua kwetu huchungulia tu na kuondoka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, majani yakidondosha maji kama vile mvua imenyesha. Siku ile niliamka na kikohozi, na mama akanikataza kukaa chini uani. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nimefungwa shuka, nikimtazama baba akifanya kazi peke yake. Juzi yake alikuwa ameungua kidole cha shahada kwenye bomba la moshi, na mama alikifunga kitambaa.

Alitoa oili. Akafungua filta ya zamani, lile kopo la chuma linalochuja uchafu, akaiweka kando. Nikamwona akipitisha kidole chake kilichofungwa mahali filta inapokaa, kuzunguka, kama alivyofanya siku zote. Kisha akafunga mpya, akamimina oili, akajipangusa, akapanda kwenye kiti na kuwasha.

Mama alikuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa. Alisimama ghafla. Chini ya pikapu palikuwa pametokea kijito. Oili mpya, ile ya rangi ya asali, ilikuwa inaruka kutoka pembeni mwa injini na kumwagika ardhini, ikiteremka na mteremko wa ua kuelekea mfongoni, mfereji wetu wa maji ya kumwagilia, ambayo majirani wa chini huyatumia pia. Baba alikuwa ameketi nyuma ya usukani, uso ameuelekeza moja kwa moja kule oili inakokwenda, ametulia, akisikiliza injini.

"Baba Aika," mama alisema, "huoni?"

"Kuona nini?"

Ile sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kwa kweli. Mama aliweka ndoo chini. Akaenda mpaka dirishani, akaingiza mkono, akageuza ufunguo. Kukawa kimya, isipokuwa oili iliyoendelea kudondoka.

"Taa nyekundu iliwaka hapo mbele yako," akasema. "Na oili yote iko chini. Hukuona?"

Mimi nilidhani mama anamgombeza bure, kwa hiyo nikamtetea.

"Mama, baba huwa haangalii yeye. Ananiuliza mimi."

Mama akanigeukia. "Anakuuliza nini?"

"Rangi ya oili. Na imefika wapi. Leo sikuwepo."

"Na barabarani?"

"Barabarani ananiuliza mbele kuna nini. Mimi namwambia."

Nilisema kwa fahari, na nilitegemea anisifu. Mama alishika mlango wa pikapu. Nakumbuka vidole vyake vilivyobadilika rangi kwenye kucha. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alikwenda jikoni, akachota majivu kwa ungo, akarudi akayamwaga kwenye njia ya oili, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akaizuia isifike mfongoni. Machozi yalikuwa yanamtoka wakati wote, na alikuwa anayafuta kwa mkono wenye majivu. Alipomaliza, alichomoa ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

Baba bado alikuwa ameketi ndani. "Tangu lini?" mama akamuuliza.

"Pembeni palianza kufifia kabla ya mavuno ya mahindi ya mwaka jana," baba akasema. "Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Nilifikiri patarudi."

"Na mtoto ukampakia."

"Ndiyo," akasema. "Nilimpakia."

Siku zilizofuata nyumba yetu ilipoa. Waliongea mambo ya lazima tu, maji, chumvi, ng'ombe. Mimi sikujua kosa liko wapi. Niliona kwamba mchezo wangu umekwisha na kwamba ni mama aliyeukatisha, na nilimnunia. Ndizi za majirani zilianza kuiva kwenye vibaraza vyao. Watu walikuja getini kuuliza kama pikapu imeharibika, na mama aliwajibu kwamba ndiyo, imeharibika.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka Kibosho alipopata habari. Aliketi sebuleni kofia ikiwa magotini, akasema kwa upole, maana alikuwa mpole, kwamba gari liuzwe kabla halijapoteza thamani. "Mdogo wangu hataweza tena. Na wewe, shemeji, una ng'ombe na kahawa, utaweza nini zaidi?" Mama alimwongezea chai. Baba alikaa kwenye kona, akisikia maisha yake yakipangwa, mikono ameiweka juu ya mapaja kama mgeni. Mimi ndipo nilipoanza kuogopa. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo nyumbani kwake.

Asubuhi ya pili yake baba alitoka peke yake, akipapasa ukuta, akaufuata ua wa masale unaotenga shamba letu na la jirani. Nilimfuata kwa mbali. Alichuma jani moja la isale, akalifunga fundo katikati, akarudi nalo hadi jikoni, mama alipokuwa anamenya ndizi. Kila mtu wa kwetu anajua maana ya jani lile. Anayekuletea isale amekuja kuomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Lakini mimi nilikuwa nimezoea kuliona kwenye mambo ya wazee, ugomvi wa mipaka na damu. Sikujua kwamba mume anaweza kumpelekea mke wake.

"Mama Aika," baba alisema, amesimama mlangoni. "Nilimfanya mtoto kuwa macho yangu. Nilijua ninachokifanya, na kila siku nilijiambia ni siku ya mwisho. Niliogopa. Bila gari lile sikujua mimi ni nani."

Mama aliacha kisu. Alilitazama jani kwa muda mrefu, mpaka nikafikiri hatalipokea. Kisha akanawa mikono, akaifuta vizuri, akalipokea kwa mikono yote miwili.

"Usinifiche tena kitu," akasema.

"Sitakuficha."

"Haya. Sasa nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kuanzia pale ulipokosea."

Ndiyo maana kati ya picha zote za utoto wangu, hii ndiyo inayong'aa zaidi: mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona bila gauni na khanga, amevaa ovaroli ya baba iliyokunjwa miguuni, kitambaa kichwani, amelala chali kwenye gunia chini ya pikapu. Kinachoonekana ni ndala zake tu. Baba ameketi kwenye kigoda karibu na gurudumu, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mimi nasubiri na karai.

"Umeiona filta?"

"Nimeiona. Imejaa oili."

"Ishike kwa kitambaa, izungushe kama unavyofungua chupa."

"Imegoma."

"Usigombane nayo. Pumua, halafu jaribu tena."

Ilifunguka ghafla, na oili iliyobaki ndani ikamteremkia mama mkononi mpaka kwenye kwapa. Alitoa sauti ya mshangao, kisha tukasikia anacheka kule chini. Baba naye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko nyumbani tangu ile Jumamosi, na nilicheka kwa nguvu kuliko wote wawili, mpaka nikaanza kukohoa.

"Sasa pitisha kidole pale ilipokuwa imekaa," baba akasema. "Kuzunguka. Unasikia nini?"

"Kuna kitu kama pete. Laini. Na filta niliyoitoa nayo ina pete yake."

Baba aliinua kichwa. "Ni mpira wa filta ya zamani," akasema. "Ulibaki umenata kwenye injini, na mimi nikafunga mpya juu yake. Mipira miwili haikai pamoja, oili lazima ipite katikati. Kidole changu kilikuwa na kitambaa, sikuusikia."

Mama aliubandua, akautoa nje kwenye kiganja chake cheusi. Baba aliuchukua, akauvuta kidogo kwa vidole kupima ulaini wake, akauweka mfukoni mwa shati.

Alimwelekeza apake oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, aikaze kwa mkono tu bila spana, kwa nguvu ya mtu anayefunga kopo la unga ambalo mtoto atatakiwa kulifungua. Mama akarudisha nati ya chini, akamimina oili, akachomoa kijiti. Nikasogea, tayari kusema imefika wapi. Lakini mama alikiinua mwenyewe kwenye mwanga, akakitazama, akasema, "Imegusa ya juu." Nilirudi nyuma na karai langu. Nilijisikia kama mtu aliyepokonywa kitu, na pia, hilo nililitambua baadaye sana, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani bila kujua kwamba alikuwa ameubeba.

Mama alijifunza kuendesha. Alikwenda mjini kwenye mafunzo ya udereva asubuhi, akirudi baba anamrudishia somo kwenye uwanja wa kanisa, yeye akiwa amesimama kando na kusikiliza gia. "Umechelewa," anasema. Au, "Hapo sawa." Vijana walikaa kwenye ukuta kutazama, na mwanzoni walicheka. Mama alizimikiwa na gari mara nyingi mbele yao, na kila mara aliliwasha tena bila kuwaangalia. Alipopata leseni, mzigo wake wa kwanza haukuwa ndizi. Alimpakia baba kwenda naye hospitali mjini.

Nilikaa katikati yao. Wakati wa kuteremka baba alikuwa amekakamaa kwenye kiti, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake, mkono umeshika mlango. Kila kona alivuta pumzi. Mama alitazama mbele tu. Hospitalini tulingoja sana kwenye benchi. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alituambia kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakitarudi, na kwamba kilichobaki kinaweza kulindwa kama baba atatumia dawa na kufanyiwa upasuaji mdogo. Baba aliuliza swali moja tu. "Nitaendelea kumwona huyu?" Alikuwa ameweka mkono wake kichwani kwangu. Daktari akasema, "Akisimama mbele yako, na ukifuata dawa, kwa muda mrefu."

Ikawa hivyo. Aliniona nikimaliza shule na siku ya harusi yangu, nikisimama mbele yake. Mama aliendesha pikapu ile mpaka magoti yalipomkatalia, na oili aliibadilisha mwenyewe, hapo uani, huku baba kwenye kigoda chake akimsimulia habari za redioni. Wote wawili wamelala sasa kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, chini ya migomba.

Lakini ninapotaka kuwakumbuka huwa nairudia safari ile ya kurudi kutoka hospitalini. Tulikuwa tumeuacha mji na kuanza kupanda. Mawingu yalikuwa yamefunguka juu, theluji ya kilele cha mlima ikaonekana, kidogo tu. Nilimgeukia baba na kukuta kichwa chake kimeegemea dirishani. Amelala. Ule mguu uliokuwa unakanyaga breki ulikuwa umelegea. Sikuwahi kumwona amelala mchana, wala ndani ya gari lake.

Mama alimtupia jicho, akapunguza mwendo. Mashimo aliyazunguka moja moja. Watu waliotusalimia aliwajibu kwa kuinua kiganja, hakupiga honi. Tulipofika nyumbani aliingiza pikapu uani taratibu, akasimama, na mimi nikashika kitasa ili nishuke. Akanizuia.

"Nizime gari?" akaninong'oneza, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Aliwaza kidogo, akauondoa mkono wake kwenye ufunguo. "Hapana. Injini ikinyamaza ataamka. Ameendesha na hofu kwa muda mrefu sana, mwache alale."

Tukakaa hivyo sote watatu, injini ikiunguruma polepole, ng'ombe wakilia bandani kudai majani, na mama hakushuka.